Karani Aliyeandika Arobaini na Tisa

Alikuwa akifika kabla ya saa mbili asubuhi, koti limefungwa vifungo vyote, kitabu kimeviringishwa kwenye kitambaa cha meza, na kabla hujamkaribisha kiti alikuwa amekwisha kukwambia leo ni siku gani. Hakuwa akizungumzia Jumanne wala Jumatano. "Mwalimu, leo ni miaka minne," angesema, na kama ulikuwa umesahau ni miaka minne ya nini, shauri yako. Yeye alikuwa amekumbuka kwa niaba yako, ametembea kwa miguu kutoka Nyansiongo hadi kwangu nje ya Keroka, na alitarajia maziwa ya moto.

Tulimwita Karani, ingawa hakuwahi kuajiriwa katika ofisi yoyote. Zamani, wakati Wazungu wenye mashamba ya Nyansiongo walipokuwa na klabu yao na uwanja wao wa kriketi, yeye ndiye aliyewapelekea chai. Katika kungoja vikombe virudi alisimama nyuma ya Mzungu aliyeandika alama, akajifunza kwa macho. Walipouza mashamba na kuondoka, watu waliingia klabu wakachukua viti, wengine milango, na mmoja alibeba bafu zima kichwani. Yeye alichukua kitabu cha alama ambacho hakikuwa kimeandikwa hata ukurasa mmoja. Mke wake alimwuliza kama kitabu hicho kinapikwa au kinachomwa.

Niseme mapema kwamba mimi na Karani tulikosana juu ya mkimbio mmoja wa kriketi, na ugomvi huo ulidumu miaka kumi na miwili. Mkimbio mmoja! Huku kwetu watu wamegombania mipaka ya shamba wakapatana kwa muda mfupi kuliko huo. Lakini simkumbuki kwa ugomvi tu, na nikianza nao nitakuwa nimemwonea kwa mara nyingine.

Kwanza, timu. Tulikuwa walimu watatu, dereva wa lori, Mhindi mwenye duka la vitambaa pale Keroka pamoja na shemeji zake wawili, aliyekuwa mpishi wa klabu, na wengine waliokuja na kuondoka. Tulitumia mabati mawili, yale magongo ya mbao ya kupigia mpira, yaliyobaki stoo na kinga za miguu zilizotafunwa na panya. Uwanja tuliukata majani wenyewe. Kwa asiyeujua mchezo huu, inatosha kujua kwamba mpigaji akiupiga mpira hukimbia hadi mstari wa upande wa pili, na akifika bila kutolewa huo ni mkimbio mmoja. Akiona ana nafasi, hugeuka akarudi, ikawa miwili. Akifikisha mikimbio hamsini huinua bati juu, na kila mtu uwanjani, hata mpinzani wake, humpigia makofi. Ndiyo desturi. Katika timu yetu hakuna aliyewahi kufika hapo.

Karani hakuwahi kucheza. Tulimbembeleza mara nyingi, hasa tulipopungua, naye alitikisa kichwa. "Nikiwa ndani, nani ataona?" alisema. Kuona ndiko alikokuita kazi. Alikuwa na msemo wake wa kukata mabishano: "Sikuona, sikuandika." Ukimwambia mpira ulivuka mpaka wakati yeye amegeuka kupiga chafya, ungeweza kulia machozi, kama hakuona, hukupata. Kwa hiyo alijizuia kupiga chafya. Nimemwona akijibana pua mpaka macho yakamwiva.

Lakini kilichomfanya awe Karani wetu si kuandika. Ni kukumbuka tarehe. Mhindi wa duka aliwahi kudaka mpira ulioshuka kutoka juu kabisa, jua likimpiga machoni, akaudaka kwa mikono na tumbo kwa pamoja kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kila mwaka siku hiyo Karani aliingia dukani, akasimama mbele ya kaunta, akaanza kusimulia tangu mwanzo: nani alirusha, upepo ulitoka wapi. Nilimkuta huko siku moja. Mhindi alikuwa ameshika futi ya kupimia, anapima kitambaa cha mama mmoja.

"Karani, ngoja kidogo, mteja iko," alisema Mhindi.

"Mpira haikukungoja," akajibu Karani, na akaendelea.

Yule mama alisahau kitambaa. Mwisho wa hadithi alipiga makofi, na Mhindi, ambaye alikuwa mtu mgumu wa kutabasamu, aliinama chini ya kaunta akijifanya anatafuta mkasi.

Na hakukumbuka mazuri tu. Dereva wetu wa lori aliwahi kuangusha mpira rahisi kabisa, ambao mtoto wa darasa la pili angeudaka, tukashindwa mechi kwa ajili hiyo. Baadaye alihamia Kenyenya, na sisi wengine tulidhani alihama kwa aibu. Karani akapanda basi mpaka Kenyenya kumkumbusha. Dereva alipomwona akija akajificha nyuma ya jiko, akamtuma mke wake aseme ameenda Kisii mjini. Karani hakuwa na haraka. Aliketi, akawasimulia mke na watoto jinsi baba yao alivyouangusha mpira, kwa heshima kubwa, bila kucheka wala kupunguza. Dereva alisikiliza yote kutoka huko nyuma, na mwishoni akatoka, majivu kwenye suruali, akamkumbatia. Aliniambia mwenyewe miaka mingine mbele: "Mwalimu, hapa Kenyenya mimi ni dereva tu. Huyo mzee ndiye mtu peke yake anajua nilikuwa nacheza."

Kulikuwa pia na siku ya mvua ya mawe. Ilianguka saa sita mchana, ikalaza majani ya migomba yote ya jirani, na mechi ikafa kabla haijafika nusu. Siku hiyo ilipotimiza mwaka Karani hakumtembelea mtu, kwa kuwa hakuna aliyefanya lolote. Alikwenda uwanjani peke yake, akasimama kwa muda, akarudi nyumbani kukamua ng'ombe.

Mtu huyo huyo hakujua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake hata mmoja. Mke wake, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, alimwuliza mbele yetu: "Na mimi ulinioa siku gani?" Karani akafikiri, akasema ilikuwa siku nne baada ya Wazungu wa Sotik kushindwa pale klabu. "Nyasae, Mungu wangu," mama akasema, "hata arusi yangu imeandikwa na Wazungu." Aliingia jikoni na tulisikia sufuria zikigongana.

Karani alikuwa Msabato wa wale wa zamani, mzee wa kanisa, asiyegusa chai. Alilima chai, alibeba trei za chai maisha yake yote ya ujana, na hakuwahi kuionja. Ndiyo maana ya maziwa ya moto. Sabato kwake ilianza Ijumaa jua likizama, na kuanzia hapo mpaka Jumamosi jua lizame tena, hakukuwashwa moto wa kupikia wala kushikwa jembe. Sasa, katika kanisa lao kuna siku ya Meza ya Bwana, kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya kula mkate watu hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, wawili wawili na beseni lao. Aliyemkosea mwenziwe humalizana naye hapo, au amfuate nyumbani kwake kwanza, ndipo ale. Na huyu mzee wa kanisa, mwenye kufunga koti vifungo vyote, alikuwa hali Meza. Mabeseni yakiletwa, yeye alitoka nje. Mke wake alimweleza mke wangu sokoni kwamba ni tumbo. Watu wengine walisema ana mwanamke Keroka. Mimi nilisikia hayo nikacheka, Mungu anisamehe, na sikuuliza zaidi.

Basi, ule mkimbio.

Mechi zetu zilichezwa Jumapili. Sisi Wakatoliki tulitoka misa ya kwanza tukaja mbio, na Wasabato walikuwa wamekwisha pumzika siku yao. Lakini mwaka mmoja, si miaka mingi baada ya Uhuru, timu ya mashamba ya chai ya upande wa Kericho ilituma habari kwamba ingependa kuja, na kwamba lori lao lingepatikana Jumamosi tu. Hatukuwahi kutembelewa na timu kubwa namna hiyo. Tukaenda watatu kwa Karani, tumekunja kofia mikononi kama watu wanaoposa. Alituambia tumpe wiki.

Wiki ilipokwisha alitoa hukumu. "Kutazama si kazi," alisema. "Hata ng'ombe inatazama. Lakini kuandika ni kazi. Nitaketi, nitatazama, nitaweka kwa kichwa. Jua ikizama nitaandika."

"Yote, Karani? Kila mpira?" nilimwuliza.

"Wewe cheza. Kichwa ni yangu."

Wageni walipoambiwa tuna mtu wa namna hiyo hawakuja na mwandishi wao. Siku hiyo Karani alitoka kanisani baada ya mahubiri, akafika uwanjani na suti yake, akaketi kwenye kigoda kando ya ua wa kayaba unaotenganisha uwanja na barabara. Mikono aliiweka magotini, haikutoka hapo. Midomo ilikuwa ikimchezacheza. Watoto walimtazama yeye zaidi ya mchezo.

Mimi nilipiga siku hiyo kama ambavyo sikuwahi kupiga wala sikupiga tena. Sijui ilitoka wapi. Mpira ulinijia mkubwa kama papai. Nilipofika thelathini Mhindi wa duka alianza kuhesabu kwa sauti, na umati ukajifunza kuhesabu naye, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, mpaka wakafika arobaini na nane. Nikaupiga mpira upande wa mto. Nikakimbia mmoja. Nikageuka, nikarudi wa pili, na uwanja mzima ukasema hamsini. Nikainua bati. Wageni walinipigia makofi, refa alinipigia makofi, mwalimu mkuu wangu ambaye hakunipenda alinipigia makofi. Mpira uliofuata ulipita chini ya bati langu ukang'oa vijiti vitatu nilivyokuwa nikivilinda, nikawa nimetoka, na sikujali hata kidogo.

Tulishinda kwa mikimbio kumi na kitu, kwa hiyo mkimbio mmoja zaidi au pungufu haukubadilisha mshindi. Jioni timu nzima ilikwenda kwa Karani kungoja jua. Tuliketi kwenye majani ya ua wake tukila ndizi, watu wazima kumi na zaidi, macho yote yameelekea vilimani. Halijawahi kuzama jua polepole namna ile. Hatimaye likazama. Karani akanawa mikono, akafungua kitabu, akachonga penseli, akafumba macho, akaanza: "Ova ya kwanza. Hakuna, hakuna, moja, hakuna, nne, hakuna." Kila mpira. Ova moja ni mipira sita, naye alizisoma zote kwa saa nzima. Kila mtu alitikisa kichwa kukubali, na mpishi wa zamani wa klabu akanong'ona kwamba huyu si mtu, ni mashine ya Mungu. Kisha akafika kwangu.

"Mwalimu. Upande wa mto: moja. Halafu vijiti. Arobaini na tisa."

Niliruka juu. "Mbili! Karani, zilikuwa mbili!"

"Karani, mbili ilikuwa," akasema Mhindi. "Mimi nilihesabu na mdomo yangu."

"Niliona moja," akasema Karani.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa pale kwa kigoda," akasema, na akaandika bila kuinua macho.

Hapo ndipo tulipokosana. Wenzangu walinitetea kwa wiki mbili, halafu wakaona utani ni mtamu kuliko haki. Katika chumba cha walimu niliitwa Hamsini Kasoro. Nikaingia darasani nikakuta 49 imeandikwa ubaoni kwa chaki, kubwa, na watoto wameinamisha nyuso kwenye madaftari. Niliwachapa wote. Nilikuwa kijana mwenye hasira za karibu, na nimekuwa mzee wa aina hiyo hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka hiyo yote, hata mke wangu. Nilipomaliza mkimbio wa kwanza nilitakiwa nigusishe bati kwenye mstari kabla ya kugeuka. Sikugusa. Nilikuwa nimewasikia watu wakipiga kelele, nikaitamani ile hamsini kwa uchu mbaya, nikageuka mapema. Ncha ya bati ilipita hewani, shubiri moja kutoka mstari ulipokuwa. Nilijua palepale. Refa alikuwa akifuata mpira kwa macho, hakuona. Kwa sheria ya mchezo, mkimbio uliofupishwa hivyo hauhesabiwi. Mikimbio yangu ilikuwa arobaini na tisa.

Kwa hiyo Karani aliposema "niliona moja", nilijiambia jambo moja. Huyu ameona. Katika watu wote wa uwanja ule, ni yeye peke yake aliyeiona ile shubiri moja, akaandika ukweli, na hakutaka kunifedhehesha mbele ya watu kwa kusema sababu. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Ungedhani ningemshukuru. Nilimchukia kwa kunistahi. Kama angenitaja hadharani ningekana, tukagombana, yakaisha. Badala yake alininyamazia, na kila mwaka alikuja nyumbani kwangu na ule upole wake kunikumbusha.

"Leo ni miaka mitatu tangu upate arobaini na tisa."

"Hamsini, Karani."

"Kitabu inasema arobaini na tisa."

"Na kitabu kiliandikwa na nani? Na malaika?"

Hapo alitazama kikombe. Kwa wengine wote alikunywa maziwa mpaka povu la mwisho akaomba mengine. Mhindi alimwekea birika zima. Kwangu hakuwahi kumaliza kikombe. Nilidhani ni dharau. Mwaka wa sita nilimfukuza. Nilimwambia atoke na kitabu chake asirudi tena, na maneno mengine ambayo mtu hamwambii mwenye umri wa baba yake. Aliviringisha kitabu kwenye kitambaa, akaaga, akaondoka. Mwaka wa saba siku ilipofika mvua ilikuwa ikinyesha, na mke wangu akaniita dirishani. Karani alikuwa amesimama nje ya lango, ameloa, kofia mkononi. Hakuingia. Alipoona nimemwona alisema kwa sauti, "Mwalimu, leo ni miaka saba," kisha akageuka akaenda zake. Mke wangu hakunisemesha mpaka kesho yake.

"Huyo mzee amekukosea nini?" aliniuliza.

"Alinipunguzia mkimbio."

"Na wewe ni wa kupunguziwa nini, mwenye mshahara na ng'ombe watatu?"

Nikatoka kwenda kuwatazama hao ng'ombe.

Miaka ikapita. Mhindi alifunga duka akaenda Nairobi, halafu mbali zaidi. Uwanja uligawanywa, upande wa mto ukapandwa mahindi na upande wa barabara pareto. Hakukuwa tena na timu, hata bati moja, na vijana niliowafundisha walidhani kriketi ni aina ya panzi. Lakini Karani aliendelea na safari zake. Nikawa mwalimu mkuu, yeye akawa mzee kweli, mgongo ukaanza kupinda, na bado mara moja kwa mwaka alikuja kuniambia arobaini na tisa, nami nikamjibu hamsini, kwa sauti ya chini sasa, kama watu wawili wanaosalimiana.

Mara ya mwisho alipokuja haikuwa siku yake. Ilikuwa Alhamisi, alasiri, wiki chache baada ya mwaka wa kumi na mbili kutimia, na hakubeba kitabu. Alibeba beseni jeupe la bati lenye ukingo wa buluu, na taulo begani. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Alimwomba mke wangu maji ya vuguvugu, na alipoletewa akamwambia, "Asante, mama, sasa tuache kidogo."

"Karani, leo si siku yake," nilisema.

"Najua siku. Keti, Mwalimu. Toa viatu."

Sikuketi mara moja. Nilimwuliza kuna nini.

"Sabato hii ni Meza," akasema. "Na daktari wa Kisii amenitazama tumbo, hakuniambia maneno mingi. Keti, tafadhali."

Niliketi. Alishuka magotini kwa shida, mkono mmoja kwenye kiti changu, na bado hakugusa maji.

"Hiyo siku," alianza, "ukiwa na arobaini na nane. Ulipiga ile mpira upande ya mto, ukakimbia. Nikaona moja. Halafu nikasikia wimbo kwa barabara. Watu wa kanisa walikuwa wanatoka kuona mgonjwa, mchungaji yuko mbele. Mwalimu, niliingia chini ya kayaba. Mzee wa kanisa! Magoti kwa matope, miiba kwa kichwa, suti ya Sabato. Nikangoja wapite. Niliposimama, wewe ulikuwa umeinua bati."

"Hukuona," nilisema.

"Sikuona kitu. Watu wote walisema mbili, na mimi nilijua ni lazima ni mbili, kwa sababu nani anainua bati bure? Lakini nikisema sikuona, wataniuliza nilikuwa wapi. Nikasema moja. Nilikuibia hamsini yako, mtoto wangu. Kila mwaka nilikuja nikuambie. Nikifika hapa mdomo inakataa, nasema ile ya kitabu."

Hakungoja nijibu. Alishika mguu wangu wa kulia akauingiza majini.

Mikono yake ilikuwa migumu, na alinitawadha kama anavyofanya mtu aliyeifikiria kazi hiyo kwa miaka mingi: kisigino, unyayo, katikati ya vidole. Nami niliketi pale nikaona wazi jinsi ambavyo ningeweza kunyamaza. Nikinyamaza, atakula Meza yake Jumamosi akiwa ameridhika, na kitabu kitasema hamsini, na hakuna mtu hai atakayejua. Ilikuwa rahisi kabisa. Hata ilionekana kama huruma. Kisha akainua macho akaniuliza kama maji hayajapoa sana, na sikuweza.

"Karani, haikufika."

"Nini haikufika?"

"Bati. Nilipogeuka. Sikugusa mstari." Nikamwonyesha kwa vidole. "Shubiri hivi. Nilijua siku hiyo hiyo."

Alibaki ameshika kisigino changu. Nje kuku alikuwa akilia baada ya kutaga.

"Refa?" aliuliza.

"Alitazama mpira."

"Kwa hivyo ilikuwa moja."

"Ilikuwa moja."

"Arobaini na tisa."

"Arobaini na tisa, Karani," nilisema, na ndiyo mara ya kwanza maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. "Nilidhani uliona. Nilidhani unanifichia."

Nilitazamia acheke. Nilitazamia angalau ashushe pumzi, kwa kuwa hakuiba kitu, kitabu chake kilikuwa sawa tangu mwanzo. Badala yake uso wake ulikaza, na nikaona kitu ambacho sikukiona hata siku nilipomfukuza. Alikuwa na hasira.

"Meza arobaini na nane," alisema. "Nimetoka nje mara arobaini na nane. Nimesimama na watoto kwa choo ya kanisa nikingoja watu wamalize kula. Mke wangu ameitwa mke wa mzinzi. Na wewe ulikuwa unajua!"

"Nisamehe, tata," nilisema. Sikuwahi kumwita baba kabla ya hapo. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Alitazama beseni. Nilidhani atainuka aondoke na taulo lake, na angekuwa na haki. Halafu polepole akauchukua mguu wa kushoto, ambao ulikuwa bado mkavu, akautia majini.

"Yaya, hapana," alisema, kama mtu anayejikatalia mwenyewe. "Wewe ulifupisha. Mimi nilijificha. Yako haiwezi kufuta yangu." Akautawadha wote, akaukausha, akaushusha sakafuni kwa uangalifu. Kisha akashika mkono wa kiti, akajivuta mpaka akasimama, akanionyesha kwa kidevu nimpishe. Alikaa mahali pangu. Alivua viatu vyake, akakunja suruali mara mbili, akainyoosha ile miguu myembamba iliyokuwa imetembea kuja kwangu mwaka baada ya mwaka.

"Bono, wewe," alisema. Sasa, wewe.

Nikapiga magoti. Mwalimu mkuu mzima, sijawahi kumwosha mtu miguu isipokuwa watoto wangu. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka, na kwenye kidole kikubwa palikuwa na kidonda cha kiatu. Nilimwosha nikikwepa kidonda, naye alifumba macho kama siku ile alipokuwa akisoma mechi kutoka kichwani. Nilimwuliza kama naumiza.

"Sabato hii nitakula," alisema.

Niliendelea kumkausha vidole, kimoja kimoja, mpaka vyote vikakauka.